Mtoto anayekataa kila agizo: mzigo wa mama mmoja wa Kariakoo, na sisi tunaomtazama

Siku hiyo tulikuwa Kariakoo kwa shughuli ya redio. Waya mbili za maiki zilikuwa zimekufa studio, na fundi wetu akatutuma Dar es Salaam kwa sababu huku kwetu waya moja inauzwa kwa bei ya mbili. Tukashuka Msimbazi, tukakata kuingia Mtaa wa Kongo. Anayeujua mtaa ule hahitaji kusimuliwa. Spika ndogo zinarudia bei ileile tangu asubuhi mpaka jioni, maguta yanapita katikati ya watu, na ukisimama kidogo tu unasukumwa.

Kwenye meza moja ya madera alikuwepo mama na mtoto wake wa kiume wa kama miaka minane. Mtoto alikuwa amekaa juu ya boksi, ameziba masikio kwa viganja. Mama akatukaribisha kama wafanyabiashara wote wanavyokaribisha. Mmoja wetu, kwa mazoea tu, akamgeukia mtoto na kumuuliza shikamoo iko wapi, mbona hasalimii wakubwa.

Kilichofuata kilichukua karibu dakika ishirini. Mtoto aliteleza chini ya meza, akavuta nguo zikaanguka, akapiga kelele na kujing'ata mkono. Watu wakajaa. Wengine walicheka, kijana mmoja akatoa simu akaanza kurekodi, na mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba fimbo mbili tu zingemaliza habari hiyo. Mama hakumjibu mtu. Alikaa chini, akawageuzia watu mgongo ili amkinge mwanawe, akanyamaza. Mtoto alipotulia, mama akaanza kukunja madera upya, mikono ikitetemeka. Ndipo akatuambia, bila ukali wowote, kwamba mtoto ana usonji, na kwamba tusijilaumu.

Lakini lawama ilikuwa yetu, na si ya siku hiyo tu. Mwezi uliotangulia tulifungua simu hewani tujadili kwa nini watoto wa siku hizi hawana adabu. Simu zilimiminika. Tukacheka na wasikilizaji, tukakubaliana nao, tukapiga wimbo. Hakuna aliyeuliza kama kati ya watoto hao tunaowasema wamo wasioweza.

Tulimwomba mama huyo ruhusa ya kuandika habari zake. Alikubali kwa sharti kwamba jina lake na la mtoto yasitajwe. Tumezungumza naye mara kadhaa kwa simu, usiku, mtoto akiwa amelala.

Hataki, au hawezi?

Usonji ni hali ya ubongo kukua na kufanya kazi kwa namna tofauti, na dalili zake mara nyingi huanza kuonekana katika miaka ya mwanzo ya maisha. Mtoto anaweza kuchelewa kuongea au kuongea kwa namna yake, akapata shida kuelewana na wenzake, akashikilia mambo machache kwa nguvu sana, na sauti, mwanga au mguso wa kawaida ukamuumiza. Hauambukizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hiyo hata katika kata yako wapo, ila huenda wanaitwa majina mengine.

Ndani ya usonji kuna watoto wachache wenye tabia ambayo hata wazazi wa watoto wengine wenye usonji huwashangaza: wanakwepa kila agizo. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia Elizabeth Newson wa Nottingham, Uingereza, alianza kuwaeleza watoto wa namna hii, na mwaka 2003 maelezo yake yakachapishwa katika jarida la kitabibu. Aliona watoto wenye maneno mengi, wenye visingizio vya kila aina, wanaojigeuza paka au mwalimu katika mchezo ili tu wasifanye walichoombwa. Ukiwabana, wanalipuka.

Wataalamu hawajakubaliana kuhusu jambo hili. Halimo kama ugonjwa wa peke yake katika orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, wala katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013. Wapo wanaosema ni hofu tu inayojitokeza kwa sura hiyo. Sisi si madaktari, hatutaamua ugomvi wao. Ila pande nyingi zinakutana kwenye hilo neno hofu. Mtoto wa namna hii akiambiwa afanye kitu, mwili wake unapokea agizo kama hatari. Ni kama wewe umesimama ukingoni mwa kisima na mtu anakuambia piga hatua moja mbele.

Jambo gumu zaidi kueleweka ni kwamba anakataa hata anachokipenda. Mtoto huyu wa Mtaa wa Kongo anapenda mabasi ya mwendokasi kuliko chakula. Anajua njia zote, kutoka Gerezani mpaka Kimara. Lakini mama akimwambia haya twende tukapande mwendokasi, analala sakafuni. Anataka kwenda, na hawezi kwenda kwa sababu ameambiwa aende. Majirani wakiona hivyo wanasema ni kiburi, anajifanya.

Shikamoo mia moja kwa siku

Kama mtoto huyu angezaliwa mahali ambapo watu wazima hawajali sana salamu za watoto, asingepata shida hii kwa kiasi hiki. Kwetu, mtoto anapimwa kwa mambo mawili: kusalimia na kutumwa. Shikamoo haiombwi, inadaiwa, na anayeidai ni mtu mzima yeyote. Kutumwa nako hakuna mipaka: mama mwenye nyumba, jirani, hata mgeni aliyekuja jana anaweza kumwambia mtoto nenda kaniletee vocha. Ni malezi mazuri, yametulea na sisi. Lakini hebu hesabu, kutoka chumba cha kupanga Buguruni mpaka kwenye meza Kariakoo, mtoto huyu anakutana na madai mangapi kabla ya saa tatu asubuhi.

Na utii wa mtoto kwetu ni cheti cha mama. Methali zetu zinasema hivyo wazi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Samaki mkunje angali mbichi. Mama huyu alituambia kwamba methali hizi anazisikia nyuma ya mgongo wake karibu kila siku, na ile ya kwanza ndiyo inayomchoma kuliko zote, maana inamtaja yeye.

Wenzetu wa nchi tajiri nao wamepitia huko, tena kwa kalamu za wasomi. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani alieleza watoto 11 waliokuwa na hali hii, na katika miaka iliyofuata likaenea wazo kwamba kina mama ndio wanaoisababisha kwa kuwa na moyo baridi kama jokofu. Bruno Bettelheim aliliandikia kitabu kizima mwaka 1967, ingawa miaka mitatu kabla yake Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alikuwa amechapisha kitabu kinachoonyesha kwamba tatizo ni la mwili, si la mapenzi ya mama. Leo inajulikana kwamba mambo ya kurithi yana mchango mkubwa. Lakini kina mama wangapi walikuwa wameshajihukumu?

Huku kwetu hukumu inakuja kwa njia nyingine. Familia ya baba wa mtoto ilisema kwa upande wao hakuna kitu kama hicho. Ukasemwa ulozi, yakasemwa majini. Mama alimpeleka mtoto kwa mganga, kukatolewa jogoo na fedha; akampeleka kwenye maombi, kukafungwa siku tatu; akampeleka kwenye kituo cha afya akaambiwa mtoto atabadilika akikua. Muuguzi wa sehemu ya nne ndiye aliyelitamka neno usonji. Baba alihamia kwa ndugu zake. Anatuma hela baadhi ya miezi.

Mambo asiyoyasema kwa mtu

Tulimuuliza kipi kizito zaidi. Tulitegemea aseme fedha, kwa sababu fedha ni shida kweli: mpango wa biashara kwa saa 24 ulipozinduliwa Kariakoo mwaka 2025, wenzake walianza kuhesabu mauzo ya usiku. Yeye ana saa chache tu, maana hakuna dada wa kazi aliyedumu kwake zaidi ya mwezi.

Hakusema fedha. Alisema chenji. Mtoto wa jirani, mdogo kuliko wa kwake, alitumwa chumvi dukani, akarudi na chumvi na chenji mkononi, akaikabidhi kwa mama yake na kukimbilia kucheza. Mama huyu aliingia ndani akalia kwa ajili ya chenji ya watu wengine. Kisha akaona aibu kwa wivu wake, maana mwanawe yupo hai, anaongea, ana akili. Kuna wenzake hospitalini wanaotamani hata hilo.

Alituambia na mengine. Kuna siku alimpiga kwa mwiko, alipochoka, baada ya saa mbili za kumvalisha suruali. Mtoto hakulia. Alimwangalia tu kama mtu asiyemjua, na kwa siku kadhaa hakukaa karibu naye. Mama anaamka saa kumi alfajiri ili asubuhi yao isiwe na haraka, kwa sababu neno haraka ndilo linaloharibu kila kitu. Alisema kuna nyakati anampenda zaidi akiwa amelala, na kwamba wazo hilo linamtisha. Anajiuliza ni mama wa aina gani.

Sisi tulimjibu kwamba ni mama aliyechoka. Hasira, hatia, wivu na uchovu vinaweza kukaa katika moyo mmoja pamoja na upendo, na havimfanyi mtu kuwa mbaya. Kinachomwongezea ni upweke. Kikoba ameacha, kwa kuwa kikao kina utulivu na mwanawe hana. Harusini haalikwi tena. Anapopita mtaani amekwisha kujiandaa kwa macho ya watu, na tunavyojua sasa, mtoto anaisoma hofu ya mama yake, naye anazidi kuogopa.

Mleteni huku tumnyooshe

Hapa ndipo habari hii inapotoka Kariakoo na kufika kwenu mnaotusoma kijijini. Mtoto akiwa mgumu mjini, simu hupigwa nyumbani, na jibu linajulikana: mleteni huku. Si jibu baya wakati wote.

Mtoto huyu alipelekwa kwa bibi yake Rufiji wakati wa likizo. Wiki za mwanzo mama alikuwa akipiga simu kwa hofu, bibi akijibu kwamba kijana hana neno. Kijijini hapakuwa na spika wala watu wa kumsukuma. Lakini zaidi ya utulivu, alikuwepo bibi mwenyewe na namna yake ya kusema. Bibi huyo hakuwahi kusikia habari za Nottingham. Ni mtu wa pwani, na watu wa pwani hatuendi kwenye neno moja kwa moja. Hakusema wape kuku maji. Alisema, kama anaongea peke yake, leo naona kuku wana kiu, na mtungi uko pale. Kisha akaendelea na ukili wake. Baada ya muda kuku walikuwa wamekunywa.

Ndivyo wanavyoshauri wengi waliokaa na watoto hawa: punguza amri, weka jambo mezani bila kumwelekezea kidole, mpe achague kati ya mawili, ingiza mchezo, usihesabu moja mbili tatu. Kiswahili kina utajiri huo. Badala ya vaa viatu, kuna viatu viko mlangoni. Badala ya njoo ule, kuna wali umeiva na mimi naanza. Siku nyingine haitafanya kazi. Na yapo yasiyo na mjadala, kama gari, moto, na kumuumiza mwenzake. Kwenye barabara ya Msimbazi mama huyu humshika mkono hata akipiga kelele. Lakini hayo ni machache, na mengine yote anajiuliza kwanza kama kweli ni lazima. Suruali ikivaliwa kinyume, nani atakufa?

Tunajua kuna msomaji anayesema huku ni kudekeza. Na sisi tulisema hivyo. Ila mama huyu amejaribu njia ya fimbo, amejaribu kumnyima chakula anachopenda, amejaribu kumpa zawadi akitii. Kila ukali ulimwongezea mtoto hofu, na hofu ikazaa mlipuko mwingine.

Likizo ya Rufiji haikuisha vizuri. Bibi alipokwenda kliniki, mjomba aliachiwa mtoto. Mtoto ana kawaida ya kuondoka, na mto hauko mbali. Mjomba akamfunga kamba kiunoni, akaifunga kwenye mwembe, akaenda shamba. Tulizungumza na mjomba. Si mtu katili. Alikuwa na hofu ya mto na hakuwa na mtu wa kumsaidia. Lakini mtoto alikaa hapo nusu siku, na aliporudi Dar es Salaam alikuwa hataki nguo yoyote yenye mkanda. Mpaka leo.

Hofu ya mto ni ya haki. Ilitakiwa imalizwe mapema na familia nzima, kwa kupanga nani anamwangalia saa ngapi, kwa uzio wa miti, na kwa majirani kujulishwa kwamba wakimwona peke yake wasimfokee, wamfuate polepole na kupiga simu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, na haikutenga mtoto mwenye usonji.

Shule, na pa kuanzia

Jijini kuna shule za serikali zilizowafungulia mlango watoto wenye ulemavu kwa miaka mingi. Uhuru Mchanganyiko, hapohapo Kariakoo, inajulikana kwa kusomesha pamoja watoto wanaoona na wasioona, na wenye ulemavu mwingine. Msimbazi Mseto, Ilala, ina kitengo cha watoto wenye usonji. Serikali pia iliweka Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26, na ni wakati mzuri wa kuuliza katika kata zetu umefika wapi.

Hata hivyo mtoto anayekwepa maagizo anaweza kushindwa hata kwenye kitengo kizuri. Watoto wengi wenye usonji hutulizwa na ratiba isiyobadilika na maelekezo ya wazi. Huyu ratiba yenyewe ni agizo. Na katika shule za kawaida kuna jambo la viboko. Kanuni za mwaka 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, kuchapa viboko visivyozidi 4 kwa makosa makubwa ya nidhamu. Mtoto anayegoma kusimama mwalimu anapoingia atahesabiwa amefanya kosa gani? Mzazi asisubiri jibu kutoka kwenye fimbo. Aende kumwona mwalimu mkuu kabla, aeleze, na akipata karatasi ya daktari aiache nakala.

Kwa aliye mbali na Dar es Salaam, pa kuanzia ni kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kisha kuomba rufaa. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina wataalamu wa watoto na wa afya ya akili. Moshi kipo kituo cha Gabriella kinachohudumia watoto wenye usonji na ulemavu mwingine. Dar es Salaam ipo Lukiza Autism Foundation, iliyoanzishwa na Hilda Nkabe, ambaye naye ni mama wa mtoto mwenye usonji. Ushauri mmoja tuliopewa na mama wa Mtaa wa Kongo: mrekodi mtoto kwa simu yako nyumbani, akiwa mtulivu na akiwa amezidiwa, ukamwonyeshe daktari, kwa sababu mbele ya daktari mtoto anaweza kukaa kimya kama hana shida. Na video hiyo isitoke kwenye simu yako. Si kila mtoto mkaidi ana usonji, na jirani hawezi kukupa jibu hilo, wala redio.

Wiki iliyopita tulirudi Kariakoo. Waya moja kati ya zile mbili imeshakufa tena, na hilo ni suala letu na muuzaji. Tulipita kwenye meza ya madera jioni. Safari hii hatukumsalimia mtoto wala kumtazama sana. Tulisimama tukazungumza na mama yake bei ya madera ya jumla, mfuko wetu wa waya ukiwa chini karibu na boksi lake. Mteja akaja, mama akageuka kumhudumia. Tulipoinama kuchukua mfuko, waya mpya ilikuwa imetolewa, imekunjwa duara safi kama mafundi wanavyokunja, na kuwekwa juu.